Fremu yenye kichwa katika Tkinter: uchambuzi wa fomu moja ya mkopo

Fomu inayochambuliwa ni ya maombi ya mkopo wa SACCOS. Karani anaijaza kwenye kompyuta ya mapokezi, mwanachama akiwa ameketi mbele yake na kitambulisho mkononi. Programu imeandikwa kwa Python, dirisha lake kwa Tkinter, maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha, na wijeti zake (vitufe, lebo, nafasi za kuandikia) karibu zote ni za ttk, seti mpya zaidi ya wijeti za Tkinter. Imegawanywa sehemu nne, na kila sehemu imezungushiwa fremu yenye kichwa, yaani ule mstari mwembamba wa pembe nne unaokatizwa na maneno upande wa juu kushoto. Kwenye msimbo wijeti hiyo ni `ttk.Labelframe`. Ukiiandika `ttk.LabelFrame`, yenye F kubwa, ni jina la pili la kitu kilekile.

Sehemu ya kwanza ni Mwombaji: jina kamili, namba ya uanachama, namba ya NIDA na simu. Ya pili ni Aina ya mkopo, yenye vitufe vitatu vya redio: dharura, elimu, maendeleo. Ya tatu ni Njia ya kupokea: taslimu, benki, simu. Ya nne ni Mdhamini, na hapo kichwa si maneno matupu bali kisanduku cha tiki. Kikiwekwa tiki, nafasi za jina, namba ya uanachama, simu, uhusiano na maelezo zinafunguka, kikiondolewa, zinafungwa.

Fomu ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza ilikuwa na kasoro hizi. Fremu ya Mwombaji ilionekana kama kamstari kafupi chini ya neno lake, haina kitu ndani, na nafasi zake nne zilikuwa zimerundikana kwenye kona ya dirisha juu ya vitu vingine. Karani akichagua "elimu" kisha "benki", alama ya "elimu" ilitoweka. Akiondoa tiki ya mdhamini, nafasi zilifungwa sawasawa, ila kisanduku chenyewe nacho kilifungwa, na hapakuwa na njia ya kuzifungua tena isipokuwa kufunga programu. Lebo za sehemu ya Mwombaji na za Mdhamini hazikulingana mstari. Na kitufe cha Tab kilimtoa karani kwenye simu ya mwombaji kikamtupa kwa mdhamini kabla hajachagua aina ya mkopo.

Tatu kati ya kasoro hizo, za redio, tiki na lebo, zinatoka mahali pamoja: mwandishi wa msimbo aliamini kwamba fremu yenye kichwa inakusanya vitu kitabia, wakati katika Tk, injini iliyo chini ya Tkinter, inavikusanya kwa macho tu. Inafanya mambo matatu. Inachora mpaka na kichwa, inakuwa mzazi wa wijeti zilizo ndani yake, na inatoa gridi yake yenyewe isiyohusiana na gridi za jirani. Kutenganisha makundi ya vitufe vya redio si kazi yake. Kuzima watoto wake si kazi yake. Kulinganisha safu zao na za fremu nyingine si kazi yake. Aliyezoea Qt, maktaba nyingine ya madirisha, ana sababu nzuri ya kukosea hapa, na tutaiona.

Fremu tupu

Mstari uliosababisha fremu ya Mwombaji kubaki tupu ulikuwa huu:

```
mwombaji = ttk.Labelframe(shina, text='Mwombaji').grid(row=0, column=0)
ttk.Entry(mwombaji).grid(row=0, column=1)
```

Ukiusoma haraka hauoni tatizo. Lakini `grid()`, njia inayoipanga wijeti kwenye safu na mstari, hairudishi wijeti, inarudisha `None`, yaani hakuna kitu. Kwa hiyo `mwombaji` si fremu, ni `None`, na mstari wa pili unaomba nafasi ya kuandikia yenye mzazi `None`. Hapo Tkinter haipigi kelele. Inachukua dirisha kuu, yaani `shina`, kama mzazi wa akiba na kuiweka nafasi hiyo huko. Fremu imechorwa kweli, ila haina mtoto hata mmoja, na fremu isiyo na mtoto wala vipimo hunywea hadi kubaki na kichwa chake.

Tiba ni mistari miwili badala ya mmoja:

```
mwombaji = ttk.Labelframe(shina, text='Mwombaji', padding=10)
mwombaji.grid(row=0, column=0, columnspan=2, sticky='ew', padx=10, pady=5)
```

Kinga yake ni bora kuliko tiba. Ukiita `tk.NoDefaultRoot()` mwanzoni kabisa mwa programu, Tkinter inakataa kukisia mzazi, na kosa kama hili linasimamisha programu papo hapo kwa ujumbe badala ya kujificha kwenye mwonekano. Gharama yake ni kwamba kila kitu sasa lazima kitajiwe mzazi, hata vibadilika: `tk.StringVar(shina)` na si `tk.StringVar()`. Kwa fomu yenye fremu zaidi ya mbili, gharama hiyo inalipa.

Baada ya kusahihisha mzazi likaibuka kosa ambalo hapo awali lilifichwa na hilo la kwanza. Fanksheni ndogo ya kusaidia iliyokuwa inaweka lebo ilitumia `pack`, inayopanga vitu kimoja baada ya kingine, na nafasi za kuandikia zilitumia `grid`. Ndani ya mzazi mmoja haviruhusiwi vyote viwili, na Tk 8.6 inasema wazi:

```
_tkinter.TclError: cannot use geometry manager grid inside .!labelframe
which already has slaves managed by pack
```

Ujumbe huu ni wa kushukuriwa. Matoleo ya zamani zaidi hayakutoa ujumbe. Wasimamizi wawili wa mpangilio walibishana juu ya ukubwa wa fremu bila kukoma, na dirisha likaganda. Kumbuka kwamba katazo ni kwa kila mzazi peke yake. Dirisha kuu linaweza kutumia `grid`, na fremu moja ndani yake ikatumia `pack`, bila ugomvi. Vitufe vya redio vilivyopangwa wima ni mahali pazuri pa `pack(anchor='w')`; nafasi zenye lebo pembeni zinahitaji `grid`. Ukitaka vyote ndani ya fremu moja yenye kichwa, weka `ttk.Frame` ya kawaida ndani yake ibebe lile kundi la pili.

Vitufe sita vilivyojiona kundi moja

Vitufe vya redio viliandikwa hivi, katika fremu mbili tofauti:

```
ttk.Radiobutton(aina, text='Elimu', value='elimu').pack(anchor='w')
ttk.Radiobutton(njia, text='Benki', value='benki').pack(anchor='w')
```

Hakuna `variable`. Kitufe cha redio kisichopewa kibadilika hakikai bila kibadilika. Tk inakipa cha pamoja kiitwacho `selectedButton`, na ni hichohicho kwa kila kitufe cha programu nzima ambacho hakikutajiwa chake. Ndiyo maana "benki" ilifuta "elimu". Mipaka ya fremu haikuhusika kwa namna yoyote. Na kama `value` nayo ingesahaulika, hali ingekuwa mbaya zaidi: vyote vingepewa thamani 1, na kubofya kimoja kungejaza vyote sita.

Katika Qt hali ni kinyume. Vitufe vya `QRadioButton` vyenye mzazi mmoja huzuiana vyenyewe, hivyo kuviweka katika `QGroupBox` mbili kunatosha kuvitenganisha. Mtu aliyejifunza huko akaja Tkinter hubeba imani hiyo bila kujua. Kwenye ukurasa wa HTML `fieldset`, fremu yenye kichwa ya huko, haitenganishi chochote. Kinachotenganisha ni sifa ya `name`. Swing ya Java ina `ButtonGroup` iliyo kando kabisa na mpaka wenye kichwa, na huko mpaka huo, `TitledBorder`, si kibebeo hata kidogo: ni mchoro unaovalishwa paneli. Kwa hiyo swali la kwanza unapohamia maktaba mpya ya madirisha ni nani anayetenganisha makundi: mzazi, kibadilika au jina.

Katika Tkinter ni kibadilika, na kila kundi lina chake:

```
class Fomu:
    def __init__(self, shina):
        self.aina_v = tk.StringVar(shina, value='maendeleo')
        self.njia_v = tk.StringVar(shina, value='')
```

Tazama kwamba vimehifadhiwa kwenye `self`. Kibadilika kilichoundwa ndani ya fanksheni bila kuhifadhiwa popote hufutwa na Python fanksheni inapomalizika, na kikifutwa huondoka na mwenzake wa upande wa Tcl, lugha inayoendesha Tk. Vitufe vya ttk vikikosa kibadilika chao huingia katika hali ya kutojulikana: si tupu wala si vilivyojazwa, na katika mandhari nyingi huonekana na alama ya kati. Karani akibofya mara moja vinatulia, jambo linalofanya kosa lionekane dogo. Ukweli ni kwamba Python imebaki bila pa kusomea jibu, na mkopo utahifadhiwa bila aina.

Thamani ya kuanzia nayo si pambo. Ukitumia vitufe vya zamani vya `tk.Radiobutton` na `StringVar` tupu, vyote huonekana vimejazwa nusunusu, kwa sababu maandishi matupu ndiyo thamani ambayo wijeti hiyo inaitafsiri kuwa hali ya tatu. Vya ttk havina tabia hii. Hata hivyo kwa fomu ya fedha ni vyema kuamua kwa makusudi: ama uanze na chaguo linalotumika zaidi, ama uanze bila chaguo na ukatae kuhifadhi hadi karani achague. Kwa njia ya kupokea fedha napendelea la pili. Chaguo la kuanzia hupita bila kusomwa, na fedha zikaenda kusikokusudiwa.

Kichwa chenye tiki

Hapa ndipo penye kazi. Wazo lenyewe ni zuri: tiki inakaa kwenye kichwa cha fremu, macho yanaona mara moja kwamba inatawala kila kilicho ndani. Labelframe inaliruhusu kwa chaguo la `labelwidget`, ambalo linachukua nafasi ya `text`. Wijeti inayopewa kazi hiyo lazima iwe imeshaundwa, na iwe mtoto wa fremu yenyewe au wa mmoja wa wazazi wake walio juu.

Uchaguzi kati ya hayo mawili una athari. Ukiifanya tiki kuwa ndugu wa fremu, yaani mtoto wa dirisha kuu, Tk inalazimika kuiinua juu ya fremu ili ionekane, na mpangilio huo wa juu na chini ndio Tab inaoufuata. Matokeo ni kwamba Tab inapita kwanza ndani ya fremu na kuifikia tiki mwishoni, kinyume cha usomaji. Ni afadhali iwe mtoto wa fremu na iundwe kabla ya nafasi nyingine. Inabidi fremu iundwe kwanza bila kichwa, kisha ipewe:

```
mdh = ttk.Labelframe(shina, padding=10)
self.ana_mdh = tk.BooleanVar(shina, value=False)
self.tiki = ttk.Checkbutton(mdh, text='Mkopo una mdhamini',
                            variable=self.ana_mdh)
mdh.configure(labelwidget=self.tiki)
```

Tiki isipangwe kwa `grid` wala `pack`. Fremu ndiyo inayoiweka mahali pake, na ukiipanga mwenyewe unaipokonya kazi hiyo.

Sasa kuzima. Fremu ya ttk ina hali ya `disabled`, lakini ukiiwasha haiwafikii watoto; nafasi zilizo ndani zinaendelea kupokea maandishi. Ile ya zamani, `tk.LabelFrame`, haina hata chaguo la `state`. Kwa hiyo unapita mtoto kwa mtoto. Msimbo wa awali ulipita hivi:

```
for w in mdh.winfo_children():
    w.configure(state='disabled')
```

Tiki ni mtoto wa fremu. `winfo_children()` inamhesabu pamoja na wengine. Kitanzi kikamzima yule aliyepaswa kuwasha, na mlango ukafungiwa ufunguo ndani.

Kuna kosa la pili katika mstari uleule, nalo halionekani hadi tiki irudishwe. Nafasi ya uhusiano ni orodha kunjuzi, `ttk.Combobox`, iliyowekwa `readonly` ili karani achague tu na asiandike neno lake. Ukiizima kwa `configure(state='disabled')` na kuiwasha kwa `configure(state='normal')`, ule u-`readonly` umepotea, na sasa mtu anaweza kuandika "jiran" au chochote. Njia ya `state()` ya ttk haina tatizo hilo, kwa kuwa inaongeza na kuondoa bendera moja bila kugusa nyingine. `state(['disabled'])` inaongeza, `state(['!disabled'])` inaondoa, na `readonly` inabaki ilipokuwa.

La tatu: nafasi ya maelezo ni `tk.Text`, ambayo si ya ttk na haina `state()`. Kuiita kunaleta `AttributeError`. Inazimwa kwa `configure`, na hata ikizimwa rangi yake haibadiliki, hivyo karani anaiona nyeupe, anabofya, anaandika, na hakuna kinachotokea. Lazima rangi ibadilishwe kwa mkono.

Kitanzi kilichokubali mambo yote matatu:

```
def weka_hali(mzazi, washa, isipokuwa=()):
    for w in mzazi.winfo_children():
        if w in isipokuwa:
            continue
        if isinstance(w, (ttk.Frame, ttk.Labelframe)):
            weka_hali(w, washa, isipokuwa)
        elif isinstance(w, tk.Text):
            w.configure(state='normal' if washa else 'disabled',
                        background='white' if washa else '#e6e6e6')
        else:
            w.state(['!disabled' if washa else 'disabled'])
```

Fremu ya ndani inapitiwa pia, kwa sababu `winfo_children()` inaleta watoto wa moja kwa moja tu, haileti wajukuu.

Linabaki swali la nani anaita fanksheni hii. Kuiweka kwenye `command` ya tiki hakutoshi: `command` huitwa mtu anapobofya, haiitwi programu inapobadilisha thamani. Ombi la zamani likifunguliwa kwa marekebisho na msimbo ukasema `self.ana_mdh.set(True)`, tiki inawaka na nafasi zinabaki zimefungwa. Fuatilia kibadilika chenyewe, halafu ita mara moja mwishoni mwa ujenzi ili hali ya kwanza ilingane na tiki:

```
def badili(*_):
    weka_hali(mdh, self.ana_mdh.get(), isipokuwa=(self.tiki,))

self.ana_mdh.trace_add('write', badili)
badili()
```

Mwito huo wa mwisho uwe chini ya mistari yote inayounda nafasi. Ukiuweka juu, kitanzi hakikuti mtoto wa kuzima.

Na data je? Nafasi iliyozimwa haijafutwa. Karani aliyejaza mdhamini, kisha mwanachama akabadili nia na tiki ikaondolewa, ameacha jina la mtu kwenye nafasi iliyofifia. `get()` italirudisha bila kusita, na mtu huyo ataandikwa kuwa mdhamini wa mkopo ambao hakuudhamini. Hili si suala la mwonekano tena. Msimbo wa kuhifadhi lazima uulize tiki kwanza:

```
mdhamini = self.soma_mdhamini() if self.ana_mdh.get() else None
```

Kufuta nafasi nako kuna mtego. `delete(0, 'end')` kwenye nafasi iliyozimwa haifanyi kitu na haitoi kosa, kwa hiyo kitufe cha Futa kilichobofywa tiki ikiwa imeondolewa kinaacha mabaki. Nafasi zikiwa na `textvariable`, kuiwekea `set('')` kunafuta hata zikiwa zimezimwa. Kwa `tk.Text` hakuna njia hiyo. Iwashe, futa, izime.

Waundaji wa maktaba nyingine wameliona tatizo hili na kulitatua ndani. Qt ina `setCheckable(True)` kwenye `QGroupBox`: tiki inakuja yenyewe kwenye kichwa, ikiondolewa watoto wanazimwa, na yenyewe inabaki hai. HTML inazima kila kilicho ndani ya `fieldset` yenye `disabled`, isipokuwa vilivyo ndani ya `legend` ya kwanza, yaani kichwa chake, na vilivyozimwa havitumwi fomu inapowasilishwa. Katika Tk mistari ile kumi na kitu ndiyo bei ya tabia hiyohiyo.

Kulinganisha safu

Lebo ndefu katika Mwombaji ni "Namba ya uanachama". Katika Mdhamini kuna "Uhusiano na mwombaji", ndefu zaidi. Kila fremu ina gridi yake, na safu ya kwanza ya kila gridi inapanuka kwa lebo yake ndefu, basi nafasi za kuandikia zinaanzia mahali tofauti. Chaguo la `uniform` halisaidii, kwa kuwa linalinganisha safu za mzazi mmoja tu. Kinachosaidia ni kupima lebo zote, kisha kuipa kila fremu upana uleule wa chini:

```
shina.update_idletasks()
upana = max(l.winfo_reqwidth() for l in lebo_zote) + 8
for f in (mwombaji, mdh):
    f.columnconfigure(0, minsize=upana)
    f.columnconfigure(1, weight=1)
```

Ile 8 ni `padx=(0, 8)` iliyotolewa kwa kila lebo kwenye `grid`. Ukiisahau, fremu yenye lebo ndefu kuliko zote inazidi nyingine kwa pikseli 8 hasa, tofauti ndogo inayomsumbua mtu bila kujua ni nini kinachomsumbua. Na `padding` ya fremu zote iwe sawa, la sivyo hesabu nzima inahama.

Nafasi ya NIDA ipewe `width=24`. Namba ina tarakimu 20, na ikiandikwa na vistari vyake vitatu inafika herufi 23. Nafasi fupi humlazimisha karani kusogeza maandishi ili ahakiki mwanzo wa namba. `sticky='ew'` inaziruhusu nafasi kutanuka, mradi `weight=1` imewekwa ndani ya fremu yenyewe; kuiweka kwenye dirisha kuu pekee hakufiki ndani.

Aina ya mkopo na Njia ya kupokea zimekaa bega kwa bega, jambo linalookoa mistari mitatu kwenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Hizi mbili zina mzazi mmoja, kwa hiyo `uniform` inazifaa: `shina.columnconfigure((0, 1), weight=1, uniform='nusu')`, na kila moja `sticky='nsew'` ili mipaka ya chini ilingane.

Tab na maneno ya kichwa

Mruko wa Tab ulikuwa na sababu fupi. Tab inafuata mfuatano ambao wijeti ziliundwa, si namba za safu na mstari kwenye `grid`. Fremu ya Mdhamini iliundwa ya pili kwenye msimbo ingawa imepangwa chini kabisa. Ilitosha kuhamisha mistari ili fremu ziundwe kwa mfuatano wa usomaji: Mwombaji, Aina, Njia, Mdhamini.

Jaribio la kukoleza vichwa kwa `font=` lilileta `unknown option "-font"`, na la rangi likaleta `unknown option "-bg"`. Machaguo hayo ni ya `tk.LabelFrame`, iliyokuja na Tk 8.4 mwaka 2002. Ya ttk ilikuja na Tk 8.5 mwaka 2007 na inachukua mwonekano wake kwenye mtindo. Hata `padx` ya ndani haipo, ipo `padding`. Jina la mtindo wa kichwa lina mkia wake:

```
self.fonti = tkfont.nametofont('TkDefaultFont', root=shina).copy()
self.fonti.configure(weight='bold')
s = ttk.Style(shina)
s.configure('TLabelframe.Label', font=self.fonti)
s.configure('Kichwa.TCheckbutton', font=self.fonti)
```

Hapa `tkfont` ni moduli ya `tkinter.font`. Mstari wa mwisho ni wa kile kichwa chenye tiki, ambacho hakifuati mtindo wa fremu kwa sababu ni wijeti kamili inayojitegemea; mpe `style='Kichwa.TCheckbutton'`. Fonti imehifadhiwa kwenye `self` kwa sababu ileile ya vibadilika.

Maneno yenyewe: kichwa cha kawaida kiwe jina, "Mwombaji", na kichwa chenye tiki kiwe sentensi inayoweza kuwa kweli au uongo, "Mkopo una mdhamini". Tiki pembeni ya neno "Mdhamini" pekee haisemi inathibitisha nini. Ndani ya fremu lebo zinaweza kuwa fupi, "Jina", "Simu", kwa kuwa kichwa kinakamilisha maana. Lakini ufupi huo usiingie kwenye ujumbe wa kosa. "Jina halijajazwa" kwenye fomu yenye majina mawili humfanya karani akague lile lisilo na tatizo; ujumbe useme "Jina la mdhamini halijajazwa" na msimbo uite `focus_set()` kwenye nafasi hiyo.

Msimbo wa awali ulikuwa pia na fremu ya tano, iliyozunguka vitufe vya Hifadhi na Futa chini ya kichwa "Vitendo". Iliondolewa, na vitufe vikawekwa kwenye `ttk.Frame` isiyo na mpaka, vikaegemea kulia.